Mizabibu ya Kusini ni Mikorosho

Mtu akitaja shamba la divai hapa Tanzania, mawazo ya wengi wetu hukimbilia Dodoma, kwenye mizabibu iliyoletwa na wamisionari Wakatoliki, ambayo hadi leo hutoa divai ya mezani na ya altare. Ni sawa. Lakini akina mama wa Lindi na Mtwara nao wanayo divai yao, ya zamani, isiyo na lebo wala kizibo, na haitoki kwenye zabibu. Inatoka kwenye mabibo, yaani lile tunda laini, jekundu au la manjano, ambalo korosho huning'inia chini yake. Divai hiyo huitwa uraka. Shamba linaloitoa si la kampuni wala la serikali. Ni shamba la familia, lililopandwa na babu, likapita mikono ya wajomba, mashangazi na wajukuu, na aghalabu magomvi yote ya ukoo yamo humo humo chini ya miti.

Haya tuliyaona mwezi wa Novemba, tulipokwenda Nachingwea na Ruangwa tukiwa akina mama wanne wa kanisa, wawili kati yetu wauguzi, kwa semina ya afya ya mama na mtoto. Mabibo hayakuwemo kwenye ratiba. Ila Novemba katika nchi ile huwezi kuzungumza na mwanamke jambo lolote, liwe chanjo, liwe ada ya shule, liwe ugomvi na mume, bila mabibo kuingia katika mazungumzo.

Tulipitia Masasi. Kabla hujaona mji wowote pua hukuambia umefika: harufu tamu iliyochachuka, kama ya siki changa, inatoka mashambani pande zote mbili za barabara. Chini ya kila mkorosho kuna zulia la mabibo yaliyoanguka, nyuki wanazunguka, na watoto wa shule wanatembea huku wakinyonya. Mashati yao meupe yana madoa ya kahawia. Msomaji ambaye amewahi kufua doa la bibo anajua kwamba sabuni haikubaliani nalo. Akina mama wa huko wala hawahangaiki, wanasubiri msimu upite.

Nachingwea ni mji uliojengwa kwa ajili ya karanga. Vijana wa sasa husikia jambo hilo kama hadithi ya sungura na fisi, lakini ni historia. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 wataalamu wake wakapendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa matrekta. Kazi ilianza 1947 katika sehemu tatu, Kongwa, Urambo na huku Nachingwea. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu kwa gharama ya pauni milioni 25. Wakajenga bandari ya Mtwara, na reli kutoka pwani kuja hadi Nachingwea. Mizizi ya miti ikavunja majembe ya trekta, kule Kongwa mvua ikakataa, udongo ukawa mgumu kama sakafu. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule wa awali na kufuta pauni milioni 36 zilizokwisha kupotea. Reli ikafungwa na kung'olewa katika miaka ya 1960. Mjini Nachingwea pana kata inayoitwa Stesheni hadi leo, na treni hakuna.

Baadaye eneo hilo lilipata kazi nyingine ya heshima zaidi. FRELIMO waliweka hapo kambi yao kuu ya mafunzo, na wapigania uhuru wengi wa Msumbiji walipitia Nachingwea kabla nchi yao haijawa huru tarehe 25 Juni 1975. Hiyo ni habari ndefu inayostahili makala yake.

Sisi tulikuwa tukijiuliza jambo dogo tu. Lile shamba kubwa la dola, lenye injinia na mabenki nyuma yake, halikumaliza miaka mitano. Mikorosho je, ambayo haikuwa na injinia? Mti huu kwao ni Brazil. Wareno waliuleta upande huu wa bahari katika karne ya 16, ukaenea kutoka Msumbiji na pwani hadi bara mkononi mwa watu wa kawaida. Biashara yake hasa ilishika kasi baada ya vita, korosho ghafi zikipelekwa India kubanguliwa. Na waliopanda ni familia, moja moja, kila moja na ekari zake mbili au tano.

Familia moja ya namna hiyo tulikaribishwa kwake Ruangwa. Mwenyeji wetu ni bibi mjane anayekaribia miaka themanini, Mmwera, mwenye sauti ya kuamrisha na macho yanayoona mbali kuliko ya wauguzi aliowakaribisha. "Shikamoo, bibi," tukamwambia. "Marahaba, wanangu. Mmekuja kutukataza uraka?" Tukacheka, lakini yeye hakucheka.

Akatupeleka shambani. Jambo la kwanza tulilolitambua ni kwamba mikorosho yake mikongwe imesimama katika mistari iliyonyooka kama kamba, jambo lisilo la kawaida kwa mashamba ya zamani, ambamo miti ilipandwa ovyo kati ya mihogo. Akatueleza. Baba yake alikuwa kibarua wa ule mpango wa karanga. Alikata visiki Nachingwea kwa miaka miwili, na mpango ulipokufa alirudi nyumbani na blanketi, panga, na ujuzi wa kupima mistari kwa kamba na vigingi. Mikorosho hii aliipima hivyo hivyo. "Wazungu waliondoka na karanga zao," alisema bibi, "baba akaondoka na kamba."

Mzee yule alipozeeka likazuka suala la urithi. Kwa Wamwera, kama kwa Wamakua na Wamakonde, ukoo wa jadi huhesabiwa kwa upande wa mama, na mali ya mwanamume huelekea kwa watoto wa dada yake. Lakini mkorosho si kama muhogo, ambao ukivunwa umekwisha. Unaishi miaka mingi kuliko aliyeupanda, na kote Kusini miti hii iliwatia akina baba hamu ya kuwaachia watoto wao wenyewe. Baba wa bibi aliwaita wapwa zake na wazee, akatamka mbele yao kwamba sehemu ya upande wa mashariki, mistari tisa, ni ya binti yake. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Tulikuja kuelewa baadaye kwa nini bibi aliitaja mistari hiyo tisa mara tatu.

Kisha yakaja mambo mawili yaliyokaribia kuiangamiza mikorosho. La kwanza ni kuhamia vijijini katikati ya miaka ya 1970. Hatukatai kwamba vijiji vilileta shule na zahanati, na sisi wauguzi tungekuwa wa mwisho kuvibeza. Lakini familia nyingi zilijikuta kilomita kadhaa mbali na miti yao, magugu yakapanda, moto ukaingia. Bibi na mumewe walihamishwa mwaka 1974. Walikuwa wakitembea saa mbili kwenda kuokota. La pili ni ugonjwa wa ubwiri unga, ulioonekana nchini mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, ambao hufunika maua kwa unga mweupe hadi yakauke. Taifa lililokuwa limevuna tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 lilishuka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Viwanda vya kubangulia vilivyojengwa kwa mkopo, kimojawapo hapo Nachingwea, vilinyamaza.

Kilichoirudisha mikorosho ni salfa, na utafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, juu ya namna ya kuipuliza na juu ya miche bora. Msimu wa 2017/18 korosho za nchi nzima zilizidi tani 300,000. (Hapa mtuvumilie tuseme neno la kiuguzi: wanaopuliza salfa wafunge pua na mdomo kwa kitambaa kinene au barakoa, na wavae miwani. Kila mwaka kati ya Mei na Agosti vifua na macho mekundu hujaa zahanati za Kusini, na mara nyingi ni mama aliyekuwa amembeba mtoto mgongoni huku baba akipuliza.)

Sasa tuje kwenye divai yenyewe. Bibo huzidi uzito wa korosho yake mara sita hadi kumi. Yaani kwa kila gunia la korosho linalokwenda ghalani, magunia sita au zaidi ya matunda hubaki chini ya mti. Korosho ina mwenyewe. Huenda chama cha msingi, ikaingia mnadani chini ya chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na fedha huingia benki kwa jina la mwenye shamba, ambaye mara nyingi ni mwanamume. Bibo halina mwenyewe, na kwa sababu hiyo limekuwa la mwanamke.

Asubuhi na mapema akina mama na mabinti huokota, hunyofoa korosho na kuiweka kando, kisha hutwanga mabibo na kuyakamua. Maji yake huchujwa na kuachwa katika mtungi au ndoo. Hakuna hamira inayotiwa. Tunda lenyewe linayo chachu yake. Siku ya kwanza ni kinywaji kitamu kinachokwaruza koo kidogo. Siku ya pili kimekuwa uraka, chenye povu. Siku ya tatu au ya nne kinaelekea kuwa siki, kwa hiyo lazima kiuzwe au kinywewe. Wengine huyaanika mabibo yakawa makochoko, ili watengeneze pombe wakati msimu umepita. Na wengine hukipika kile kilichochachuka kwa chungu na bomba, kikatoka maji makali yaitwayo nipa, ambayo mahali pengine tungeyaita gongo.

Tulimuuliza bibi fedha ya uraka imefanya nini. Alihesabu kwa vidole. Sare za wajukuu wanne. Bati za chumba cha nyuma. Nauli ya mwanawe alipokwenda chuo cha ualimu. Mwaka 2018, wakulima walipoikataa bei ya minadani na serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja kusomba magunia, wengi walingoja malipo kwa miezi. "Uraka haukungoja mtu," alisema. "Jioni nimeuza, asubuhi mtoto ana daftari."

Kama Wakristo tuyaseme hayo bila kujificha, maana katika semina yetu nusu ya akina mama walikuwa wapikaji wa uraka, na wengine walikuwa wameambiwa makanisani mwao kwamba wakiendelea wasiisogelee Meza ya Bwana. Wapo waliotii na watoto wakarudishwa nyumbani kwa ajili ya michango. Wapo waliohamia kupika usiku. Sisi hatukwenda kule kuwa mahakimu. Lakini kama wauguzi tulisema tunayoyajua. Kwa mama mjamzito hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama, uraka ukiwemo, hata wa siku moja. Mtoto anayetulizwa kwa kijiko cha uraka ili alale, na jambo hilo linafanyika, anadhuriwa. Nipa ni habari nyingine kabisa: sheria ya mwaka 1966 inakataza kupika moshi bila leseni, na pombe iliyopikwa bila vipimo yaweza kubeba sumu ya methanoli, inayoharibu macho na kuua. Hapo hatukulegeza neno.

Mama mmoja wa Nachingwea alituuliza swali ambalo hatukuweza kulimaliza kwa dakika tano: "Mithali 31 mnatusomea kila Siku ya Akina Mama. Mstari wa 16, yule mwanamke alipanda nini?" Fungueni mwone. Alipanda shamba la mizabibu, kwa faida ya mikono yake mwenyewe. Tulimwambia kwamba kanisa la Kusini limewahi kukutana na jambo gumu kuliko uraka. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, hakuipiga marufuku jando. Aliichukua, akaondoa yaliyopingana na imani, akaiweka chini ya Msalaba. Watu wamebishana juu ya uamuzi wake hadi leo. Lakini alianza kwa kuuliza kitu kile kinawafanyia nini watu, ndipo akatafuta cha kuweka mahali pake.

Cha kuweka mahali pa uraka kipo, ila hakijawa rahisi. Glasi ya juisi ya bibo ina vitamini C mara kadhaa kuliko glasi ya machungwa. Katika jimbo la Piauí kule Brazil juisi safi ya bibo, isiyo na kilevi, iitwayo cajuína, ilitambuliwa mwaka 2014 kuwa urithi wa utamaduni wa taifa. Huko Goa, India, wao wamekwenda njia ya kilevi. Pombe yao ya mabibo, feni, ililindwa kisheria jina lake mwaka 2009, na familia zinazoipika hazijifichi polisi. Naliendele nao wamekuwa wakifundisha vikundi kutengeneza juisi, jemu na divai.

Kikundi cha akina mama tulichokitembelea Nachingwea hufanya hivi, nasi tunawaandikia wasomaji wenye mabibo karibu. Chagua yasiyopondeka, yaliyookotwa siku hiyo hiyo. Yaoshe, yakate vipande, yachemshe dakika chache katika maji yenye chumvi kidogo kisha yamwage maji hayo. Hiyo hupunguza ukakasi. Kamua. Tia maji mazito ya wali yaliyopoa, koroga, acha yatulie. Utaona utando unazama chini ukibeba ule ukwaruzaji. Chuja kwa kitambaa safi, ongeza sukari na ndimu, chemsha, mimina ingali moto katika chupa zilizochemshwa, funga. Shida yao si ujuzi. Ni chupa, sukari na friji, na kwamba mteja wa jioni anataka povu.

Chupa moja ya juisi hiyo tulimpelekea bibi Ruangwa. Akaonja, akatafakari. "Nzuri. Ya watoto," akasema, akampa mjukuu.

Jioni ya mwisho tulielewa habari ya mistari tisa. Wilaya ya Ruangwa ina madini ya kinywe, yale meusi yanayotumika katika penseli na sasa yanatafutwa duniani kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Wathamini walikuwa wamefika shambani, wakahesabu mti mmoja mmoja na kuutia alama ya rangi kwenye shina. Kusikia fidia, wapwa wa marehemu baba yake, ambao hawajapalilia hapo miaka thelathini, wamekumbuka kwamba kwa mila mikorosho ile ni yao. Wanawe bibi wanataka wauze upesi kabla ugomvi haujakua, wanunue bodaboda na kiwanja mjini. Mkwe wake, mzee wa kanisa, alitaja Nabothi, aliyekataa kumuuzia mfalme Ahabu shamba la mizabibu la baba zake. Mjukuu mkubwa akajibu kwamba Nabothi alipigwa mawe.

Bibi alikuwa kimya, akichambua mabibo ya kesho yaliyosalia kwenye ungo. Kisha akatugeukia sisi wageni, kana kwamba tunaweza kupeleka habari mahali fulani. "Mikorosho wameihesabu," alisema. "Korosho za msimu wameziandika. Mabibo nani aliyeyahesabu? Mimi nimesomesha kwa mabibo."

Tulimshauri afanye mambo mawili: aende ofisi ya kijiji kutamko la baba yake liandikwe mbele ya wazee waliosalia walio hai, na wao wawili tu wamebaki, na aombe jina lake, si la mwanawe, liwe kwenye fomu ya mistari ile. Mmoja wetu aliandika barua pale pale, mkwe akaisoma kwa sauti, bibi akatia dole gumba.

Asubuhi tuliondoka kwa barabara ya Nanganga, kilomita hamsini na kitu za lami. Barua imeshapelekwa ofisini. Kikao cha ukoo kitafanyika baada ya mavuno, mpwa mkubwa akirudi kutoka Liwale.